Somo la 12: Nani Humfundisha Polisi?

Ndugu msomaji, hakuna mtu anayezaliwa akiwa polisi. Yule askari unayemwona kituoni Bariadi, au kule Lamadi akisimamisha magari ya barabara ya Mwanza na Musoma, alizaliwa na mama kama wewe. Alifundishwa kusalimia wakubwa. Alikwenda shule. Labda alikulia Pemba, labda Songea, labda Karagwe. Siku moja aliomba kazi, akachukuliwa, akapelekwa chuoni. Huko alifundishwa. Na hata baada ya kutoka chuoni bado anafundishwa.

Somo la leo linahusu walimu wake. Tunawasoma kwa sababu kile anachofundishwa askari kitakufikia wewe. Akifundishwa vizuri, utakwenda kituoni bila hofu. Akifundishwa vibaya, utaibiwa ng'ombe na utanyamaza.

Kwanza tujifunze neno moja: maadili. Maadili ni mwenendo mwema ambao mtu anaufuata hata pale asipoonwa na mtu. Polisi mwenye maadili hapokei rushwa usiku wala mchana. Hampigi mahabusu. Hamuulizi mtu kabila lake kabla ya kumsikiliza.

SAFARI YA ASKARI

Askari mpya huanzia Shule ya Polisi Moshi, mkoani Kilimanjaro. Anajifunza kwata, silaha, sheria, namna ya kuandika maelezo ya mtu, na maadili ya kazi. Akimaliza anaitwa konstebo. Akifanya kazi vizuri na kusoma kozi anapanda. Anakuwa koplo, kisha sajenti, kisha stafu sajenti, kisha sajini meja. Hao ndio wenye alama za mikononi.

Baadaye huja vyeo vya mabegani. Mkaguzi Msaidizi, kisha Mkaguzi, kisha Mrakibu Msaidizi, na kuendelea mpaka Kamishna. Juu ya wote yupo Inspekta Jenerali wa Polisi, ambaye watu humwita IGP. Maofisa hao nao husoma. Wengi hupita katika Chuo cha Taaluma ya Polisi kilichopo Kurasini, Dar es Salaam.

Darasani Bariadi mama mmoja aliwahi kuuliza: "Kwani polisi mwenye mvi naye anashika daftari?" Watu walicheka. Lakini swali lake ni zuri, na jibu ni ndiyo. Anashika daftari, anafanya mtihani, na anaweza kushindwa.

Hata hivyo, mimi naona chuo si mwalimu mkubwa kuliko wote. Chuoni askari anakaa miezi. Kituoni anakaa miaka. Kila asubuhi kuna paredi. Mkuu wa kituo anasimama mbele ya askari wake na kusema nao. Akiwaambia, "Jana mlimpiga yule kijana, hilo si halali," wanajifunza. Asiposema neno, pia wanajifunza. Wanajifunza kwamba kupiga kunaruhusiwa. Kila mwenye cheo ni mwalimu, apende asipende.

POLISI WA MKOLONI

Wakati wa ukoloni polisi alifundishwa kumtii gavana. Alisaidia kukamata wasiolipa kodi. Mwananchi hakuwa mtu wa kuhudumiwa. Alikuwa mtu wa kuchungwa. Tanganyika ilipata Uhuru mwaka 1961. Mwaka 1964 Ndugu Elangwa Shaidi akawa Mwafrika wa kwanza kushika cheo cha Inspekta Jenerali. Sare zilibaki na vituo vilibaki. Kazi ya viongozi wapya ilikuwa kubadili mafundisho, na hiyo si kazi ya siku moja. Tutaona sasa jinsi mafundisho ya zamani yalivyotuumiza sisi wenyewe hapa Usukumani.

MWAKA 1976

Wazee wetu wanakumbuka habari hii, nanyi vijana mnapaswa kuijua.

Katika miaka ya sabini kulikuwa na mauaji mengi katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Wakati huo eneo letu la Bariadi lilikuwa ndani ya Mkoa wa Shinyanga. Mkoa wa Simiyu umeanzishwa mwaka 2012 tu. Wengi waliouawa walikuwa wazee, hasa wanawake, waliodhaniwa kuwa wachawi. Serikali ilitaka mauaji yakome. Hilo lilikuwa jambo jema. Mwaka 1976 ikafanyika operesheni ya polisi na watu wa usalama. Watu wengi walikamatwa.

Ndipo ubaya ulipotokea. Baadhi ya waliokamatwa waliteswa ili wakiri. Baadhi yao walifia mikononi mwa hao waliowakamata.

Tazama jambo hili kwa makini, ndugu msomaji. Wale askari walitumwa kuzuia watu wasiuawe, na wao wenyewe wakaua. Je, hawakujua kuwa kuua ni kosa? Walijua. Lakini walikuwa chini ya wakubwa waliotaka majibu ya haraka. Mkubwa akitaka majibu ya haraka bila kuuliza yamepatikana vipi, amekwisha kumfundisha mdogo wake.

Waziri wa Mambo ya Ndani alikuwa Mzee Ali Hassan Mwinyi. Wizara hiyo ndiyo inayosimamia polisi. Mzee Mwinyi alikuwa mwalimu kwa kazi yake ya asili, na huko Zanzibar aliwahi kuwa mkuu wa chuo cha ualimu. Yeye hakumpiga mtu. Hakuwa Mwanza wala Shinyanga. Lakini Januari 1977 alijiuzulu uwaziri. Alijiuzulu kwa sababu waliotenda walikuwa chini ya wizara yake. Waziri mwingine, Ndugu Peter Siyovelwa, naye alijiuzulu. Wakuu wa mikoa ya Mwanza na Shinyanga nao walijiuzulu. Yule wa Mwanza alikuwa Ndugu Peter Kisumo. Baadhi ya maofisa walioshiriki katika mateso walipelekwa mahakamani na kufungwa.

Rais Julius Nyerere alikubali kujiuzulu kwao. Mzee Mwinyi akapelekwa kuwa balozi nchini Misri. Wengi walidhani safari yake ya uongozi imefika mwisho. Haikufika. Mwaka 1985 alichaguliwa kuwa Rais wa Tanzania, akaongoza mpaka 1995. Alifariki tarehe 29 Februari 2024, na watu waliomlilia walikumbuka sana jambo lile la mwaka 1977.

Mimi huwa nasema kuwa hilo lilikuwa somo kubwa la maadili kwa polisi wa nchi hii. Mwalimu aliwafundisha kwa kuacha kiti chake. Ofisa yeyote aliyesikia habari ile alielewa kwamba kosa la askari wa chini linaweza kupanda mpaka kwa waziri. Sisemi kwamba mateso yaliisha siku ile. Hayakuisha. Lakini tangu hapo hakuna mkubwa anayeweza kusema kwa haki, "Mimi sikuwapo, hainihusu."

SHERIA INASEMA NINI

Mwaka 1984 haki za binadamu ziliongezwa katika Katiba yetu. Ibara ya 13 inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria. Mtu asihesabiwe kuwa mkosaji mpaka ithibitike. Mtu asiteswe. Asibaguliwe kwa kabila lake, mahali alipotoka, dini yake, rangi yake, jinsia yake au hali yake ya maisha.

Mwaka 1985 ilitungwa Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Hiyo inampangia polisi namna ya kukamata na kuhoji. Muda wa kawaida wa kumhoji mtu aliye chini ya ulinzi ni saa 4. Ukihitajika muda zaidi, kuna utaratibu wa kuuongeza. Na maungamo ya mshitakiwa lazima yatolewe kwa hiari. Kiboko si hiari.

Mambo haya askari hufundishwa. Wewe pia umeyasoma sasa.

MWALIMU ALIYETAKA POLISI WAJE KIJIJINI

Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete alimteua Ndugu Said Mwema kuwa Inspekta Jenerali. Kabla ya hapo Ndugu Mwema alikuwa mkuu wa ofisi ya Interpol ya kanda hii, mjini Nairobi. Interpol ni umoja wa polisi wa nchi nyingi. Mtu aliyefanya kazi na polisi wa mataifa mengi hujifunza kwamba njia ya kwao si njia peke yake.

Ndugu Mwema alileta maboresho. Alitaka mambo matatu: weledi, vifaa na njia za kisasa, na polisi jamii. Weledi ni kuijua kazi yako vizuri na kuifanya kwa heshima. Polisi jamii ni polisi na wananchi kushirikiana kulinda mahali pao. Ndiyo sababu leo kata nyingi zina mkaguzi wa polisi. Sisi humwita polisi kata. Anahudhuria mikutano ya vijiji. Anajua ni nani na nani wanagombania mpaka wa shamba la pamba kabla hawajashikiana mapanga.

Katika kipindi chake, mwaka 2007, ulianzishwa pia mtandao wa polisi wanawake. Na katika vituo likaanzishwa Dawati la Jinsia na Watoto. Msidhani ni dawati la kuandikia tu. Ni sehemu ya kituo ambapo mama aliyepigwa, au mtoto aliyetendewa ubaya, anasikilizwa faraghani na askari aliyefundishwa kazi hiyo. Zamani mama alisimama kaunta, akaeleza mambo ya chumbani kwake mbele ya walevi waliokamatwa usiku. Wengi walirudi nyumbani bila kusema.

Wanawake wenyewe wamepanda vyeo. Ndugu Suzan Kaganda alikuwa Kamanda wa Polisi wa Kinondoni, Dar es Salaam. Baadaye akawa Kamishna wa Polisi anayeshughulikia utawala na rasilimali watu. Mwenye cheo hicho ndiye anayesimamia mambo ya askari wote: ajira zao, nidhamu yao na mafunzo yao. Baba mwenye binti darasa la saba pale Itilima au Meatu na ajue hilo.

Ndugu Mwema alistaafu mwaka 2013. Kazi haikuisha. Mwaka 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliunda tume ya kuchunguza taasisi za haki jinai. Mwenyekiti wake alikuwa Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Tume ilizunguka nchini ikisikiliza watu, na watu walilalamika juu ya rushwa, kubambikiwa kesi na vipigo. Tume ikapendekeza Jeshi la Polisi lifumuliwe na kuundwa upya. Kama walimu wote wangesikilizwa vyema, mapendekezo hayo yasingehitajika.

ASKARI MGENI NA BIBI MSUKUMA

Sasa turudi nyumbani. Jeshi la Polisi huchanganya askari wake. Mzaliwa wa Tanga hupelekwa Bariadi, na mzaliwa wa Maswa hupelekwa Lindi. Jambo hili ni zuri, kwa maana askari hawi mtumwa wa ukoo wake. Lakini lina shida yake. Askari mgeni hajui lugha, hajui mila, na anaweza kuwadharau watu asiowaelewa.

Tuchukue mfano. Bibi mmoja anatoka kijijini, amefika kituoni saa mbili asubuhi. Macho yake ni mekundu. Hajui Kiswahili sawasawa. Konstebo kijana anamtazama na kuogopa. Amesikia maneno ya watu juu ya vikongwe wenye macho mekundu. Anamwambia, "Wewe bibi, kaa kule nje."

Sajenti anasikia. Anatoka, anainama kidogo na kusema, "Mwangaluka, mayu."

Bibi anaitikia, "Mwangaluka." Uso wake unafunguka. Sajenti Kisukuma chake kinaishia hapo. Anamtafuta mtu wa kutafsiri. Bibi anaeleza kwamba usiku watu wametupa jiwe na barua mlangoni pake. Barua inasema ahame au atakufa. Sajenti anaandika maelezo yote. Anampa namba ya taarifa, ile tunayoiita RB. Anampigia simu polisi kata.

Bibi akiondoka, sajenti anamwita konstebo.

"Unajua kwa nini macho yake ni mekundu?"

"Hapana, afande."

"Amepika miaka hamsini kwa kuni na samadi ndani ya nyumba isiyo na dirisha. Ni moshi. Mama yako anapikia nini?"

"Gesi, afande."

"Basi. Kesho wewe ndiye utakayekwenda kijijini kwake."

Ndugu msomaji, mafundisho hayo yamechukua dakika mbili. Hayakuandikwa ubaoni. Lakini huenda yameokoa maisha ya mtu, na pengine yamemfaa konstebo yule kuliko mhadhara wa siku nzima.

Hapa kwetu wapo wengi wanaohitaji askari wa namna ya yule sajenti. Wapo Wataturu na Wahadzabe wa Meatu, ambao maisha yao si ya jembe kama yetu. Wapo viziwi. Wapo watu wenye ualbino. Tangu mwaka 2007 hivi, watu wenye ualbino waliwindwa na kuuawa katika Kanda ya Ziwa kwa ajili ya imani za kishirikina za utajiri. Mwaka 2009 wananchi walipigishwa kura za siri kuwataja waliowashuku. Januari 2015 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ndugu Mathias Chikawe, alitangaza kupiga marufuku waganga wasiosajiliwa na wapiga ramli chonganishi. Makatazo yanasaidia. Lakini mtoto mwenye ualbino analindwa na jirani anayetoa taarifa, na jirani hatoi taarifa kwa askari asiyemwamini.

SUNGUSUNGU NAO WASOME

Hatuwezi kuzungumza juu ya ulinzi hapa Usukumani tukawaacha sungusungu. Jeshi hili la jadi lilianza mwanzoni mwa miaka ya themanini, upande wa Kahama na Nzega, wizi wa ng'ombe ulipozidi. Likaenea upesi mpaka kwetu. Mwaka 1989 sheria ikalitambua.

Sungusungu wamerudisha ng'ombe wengi. Lakini wao hawakupita Moshi. Hawana kozi wala mtihani. Wengine wamewapiga watu mpaka wakafa, na wengine wamewatoza faini wazee kwa tuhuma za uchawi tu. Hapo ndipo Mkuu wa Polisi wa Wilaya anapaswa kuwa mwalimu kweli. Akutane na viongozi wa sungusungu. Awaeleze mpaka wa kazi yao: mkamate mwizi, mfikisheni kituoni, msimpige, msimhukumu. Mnapomwona ofisa anayefanya mikutano hiyo, mpeni nafasi katika mkutano wa kijiji. Asipofanya, mwenyekiti wa kijiji amwombe. Kuomba hivyo si utovu wa adabu.

UKITENDEWA VIBAYA

Usigombane na askari kaunta. Mwombe jina lake kwa upole, kariri namba iliyo kwenye sare yake, na andika tarehe na saa. Sasa unaweza kuandika. Hiyo ndiyo faida ya kisomo. Peleka malalamiko kwa Mkuu wa Kituo. Usiporidhika, nenda kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya, kisha kwa Kamanda wa Polisi wa Mkoa, ambaye yupo Bariadi. Ukiombwa rushwa, piga simu TAKUKURU, namba 113, bila malipo. Kumbuka kwamba dhamana ya polisi haiuzwi. Mtu akikudai fedha ili akupe dhamana, hiyo ni rushwa. Ipo pia Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo hupokea malalamiko ya mwananchi yeyote.

Na ukikutana na askari mwema, mwambie mkubwa wake. Watu wengi hukumbuka kulalamika tu. Mkuu wa kituo akisikia kwamba kijana wake amemhudumia bibi kwa heshima, atalisema jambo hilo kwenye paredi, na askari wengine watasikia.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini Mzee Mwinyi alijiuzulu mwaka 1977, ingawa yeye hakumtesa mtu? Je, ungekuwa wewe ungefanya hivyo?

2. Yule konstebo kijana alikosa nini? Nani alimfundisha kuogopa macho mekundu? Je, kijijini kwenu nani huwafundisha watoto jambo hilo?

3. Wazee waliopo darasani waeleze walivyoiona operesheni ya mwaka 1976, au walivyosimuliwa. Vijana wasikilize bila kukatiza.

4. Kila mmoja aandike katika daftari barua fupi kwa Mkuu wa Kituo cha Polisi kilicho karibu, akimwalika aje kuzungumza na darasa letu. Weka tarehe, anwani na jina lako. Mwalimu atachagua barua moja, nayo itapelekwa Jumatatu.